Mwamba wa Mathayo 16:18: mwongozo kamili wa kujifunza kifungu hiki pamoja na Wakristo wa madhehebu mengine

Tangu wizara zihamie Dodoma, si ajabu kukuta kikundi cha maombi ya saa ya chakula cha mchana pale Mtumba chenye Mkatoliki, Mwanglikana, Mlutheri, Msabato na Mpentekoste chini ya paa moja. Hali ni hiyo hiyo katika mabweni ya wanafunzi, na katika nyumba nyingi za Kisasa na Ilazo ambako mume ni wa parokia na mke ni wa usharika. Watu hawa husali pamoja bila shida, huchangiana misiba na harusi bila kuulizana ubatizo, hadi siku mmoja wao anapofungua Mathayo 16:18 na kusoma: “Nami nakuambia, Wewe ndiwe Petro, na juu ya mwamba huu nitalijenga kanisa langu, wala milango ya kuzimu haitalishinda.” Hapo kila mmoja hukumbuka alikotoka.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyeombwa kuongoza somo la kifungu hicho katika kikundi cha namna hiyo. Haukusudii kumhamisha mtu kanisa. Unakusudia kwamba mwisho wa somo kila mshiriki aweze kueleza msimamo wa jirani yake kwa namna ambayo jirani huyo mwenyewe ataikubali. Nimeongoza somo hili kwa muda wa kutosha kuamini kwamba sehemu kubwa ya ugomvi inatokana na kuyachanganya maswali matatu yaliyo tofauti, na hatua zote zilizo hapa chini zimepangwa ili kuyatenganisha.

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Tenga vikao viwili, kila kimoja cha saa moja na nusu hivi. Kikao cha kwanza kiishie hatua ya nne, na cha pili kibebe zilizobaki. Atakayejaribu kumaliza yote kwa siku moja atajikuta anaharakisha sehemu ya Mababa wa Kanisa, yaani waalimu na waandishi Wakristo wa karne za mwanzo, sehemu ambayo ndiyo hupoza mioyo kuliko nyingine zote.

Hakikisha kuna tafsiri zaidi ya moja mezani. Biblia ya Union Version wengi wanayo, na aya zilizonukuliwa hapa zimetoka humo. Ongeza Biblia Habari Njema, hasa toleo lenye vitabu vya Deuterokanoni, ili Mkatoliki asijione mgeni. Makao makuu ya Chama cha Biblia cha Tanzania yapo hapa hapa Dodoma, kwa hiyo kupata nakala si kazi ngumu. Mwombe pia Mkatoliki mmoja aje na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kwa sababu mambo mengi yanayosemwa juu ya Wakatoliki katika vikao hivi hayamo katika kitabu hicho, na yaliyomo husemwa mara chache.

Wajulishe viongozi wa makanisa kwa heshima, lakini usimwalike padri wala mchungaji katika kikao cha kwanza. Akiwepo mtu mwenye kola, washiriki huacha kuisoma aya na kuanza kumtazama yeye usoni. Baba Paroko na Mchungaji waje kikao cha pili, waje wote wawili, na wakae kama washiriki.

Anza kikao kwa salamu za pande zote: “Tumsifu Yesu Kristo” na “Bwana Yesu asifiwe”. Jambo hili linaonekana dogo, lakini kikundi kinachoanza kwa salamu moja tu kimekwisha kutangaza nani mwenyeji na nani mgeni.

Hatua ya kwanza: soma kifungu kizima, usiikate aya

Msomeshe mtu mmoja Mathayo 16:13 hadi 23 kwa sauti, bila maelezo. Kisha msomeshe mwingine Marko 8:27 hadi 33 na Luka 9:18 hadi 22. Waulize washiriki waliona nini kwa Mathayo ambacho hakimo kwa wengine. Watagundua wenyewe kwamba Marko na Luka wanasimulia tukio lile lile pamoja na ungamo la Petro, ila maneno juu ya mwamba, kanisa na funguo yamo kwa Mathayo peke yake. Watagundua pia kwamba Luka hana lile karipio kali la Petro, wakati Marko analo.

Usikubali msomaji aishie aya ya 19, ingawa wengi hupenda kuishia hapo. Katika aya ya 18 Simoni anaitwa Petro. Katika aya ya 23, mtu yule yule anaambiwa, “Nenda nyuma yangu, Shetani; u kikwazo kwangu.” Ni aya tano tu. Anayemtetea Petro asiiruke aya ya 23, na anayempunguza Petro asijifanye hakuiona aya ya 18. Mathayo ameziweka karibu kwa makusudi, na tafsiri yoyote inayofaa sharti izibebe zote mbili.

Mahali pa tukio ni wilaya ya Kaisaria Filipi, chini ya Mlima Hermoni, mahali panapoitwa leo Banias. Palikuwa na genge kubwa la mawe, pango na chemchemi, na ibada ya mungu wa Kigiriki aitwaye Pani. Herode Mkuu alijenga eneo hilo hekalu la kumheshimu Kaisari Augusto, na mwanawe Filipo akaukuza mji. Wahubiri wengine husema Yesu alikuwa akilionyesha genge hilo kwa kidole. Inawezekana, ila maandiko hayasemi, na mshiriki akiling’ang’ania mkumbushe hilo kisha uendelee.

Hatua ya pili: andika maswali matatu mahali pa kuonekana

Chukua karatasi kubwa uibandike ukutani. Andika maswali matatu kwa mfuatano huu. La kwanza: katika sentensi ile, “mwamba huu” ni nani au ni nini? La pili: Petro alipewa kazi gani, na je, alipewa peke yake? La tatu: kazi hiyo inarithiwa, na kama inarithiwa, ni nani anayeirithi?

Waeleze washiriki kwamba kila atakayesema atataja kwanza anajibu swali namba ngapi. Kanuni hii itaonekana ya kitoto kwa dakika kumi za mwanzo, kisha itaanza kufanya kazi. Mlutheri atasema, “Mwamba hauwezi kuwa Petro, kwa sababu Papa hana mamlaka juu ya makanisa yote.” Muulize hilo ni jibu la swali la ngapi. Atajikuta amejibu la kwanza kwa hofu ya la tatu. Vivyo hivyo Mkatoliki atakayesema, “Mwamba ni Petro, kwa hiyo Askofu wa Roma ndiye mkuu wa Kanisa,” ametoka swali la kwanza hadi la tatu bila kupita katikati.

Maswali haya yanaweza kujibiwa kwa mchanganyiko ambao wengi hawautarajii. Oscar Cullmann, mtaalamu wa Agano Jipya kutoka upande wa Kiprotestanti, aliandika mwaka 1952 kwamba mwamba ni Petro mwenyewe, mtu yule wa historia, na papo hapo akakataa kwamba nafasi hiyo ya msingi inaweza kurithiwa, kwa sababu msingi huwekwa mara moja. Upande wa pili, Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 424, inasema Kristo alilijenga Kanisa lake juu ya mwamba wa imani iliyoungamwa na Mtakatifu Petro, na namba 881 inasema Bwana alimfanya Simoni peke yake kuwa mwamba. Kwa Mkatoliki kauli hizo mbili hazipigani, maana namba 552 inaziunganisha: ni kwa sababu ya imani aliyoiungama ndipo Petro anabaki mwamba usiotikisika. Mpe Mkatoliki asome namba hizo tatu kwa sauti. Nimeona Waprotestanti wakiomba kitabu hicho wakisome wao wenyewe, wakidhani msomaji ameongeza maneno.

Hatua ya tatu: kila mtu aeleze tafsiri isiyo yake

Hapa ndipo moyo wa kikao cha kwanza, na usipaharakishe. Gawa tafsiri kuu nne za swali la kwanza, kila moja umpe mtu ambaye kanisa lake halifundishi hivyo. Aieleze kwa dakika tano, kisha mwenye tafsiri yake aseme kama imeelezwa sawasawa. Asiporidhika, mwelezaji arudie.

Tafsiri ya kwanza inasema mwamba ni Petro mwenyewe. Anayeieleza aonyeshe mtiririko wa maneno: Yesu anamgeukia mtu mmoja, anamwita heri, anamtaja kwa jina la baba yake, anampa jina, kisha anasema “na juu ya mwamba huu”. Kubadilishwa jina katika Biblia huendana na wito, kama Abramu alivyokuwa Abrahamu katika Mwanzo 17, na Isaya 51:1 na 2 humwita Abrahamu mwamba ambao Israeli walichongwa kwake. Swali gumu ambalo tafsiri hii lazima ilijibu ni kwa nini Mathayo 18:18 inawapa wanafunzi wote uwezo ule ule wa kufunga na kufungua.

Tafsiri ya pili inasema mwamba ni ungamo la Petro, au imani iliyomo ndani ya ungamo hilo: “Wewe ndiwe Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai.” Nguvu yake ni kwamba mazungumzo yote yalianza na swali juu ya Yesu ni nani, na baraka ya Petro imetokana na jibu lake. Ugumu wake uko wapi? Fungua Mathayo 14:33. Wale waliokuwamo chomboni tayari walikwisha kumsujudia wakisema, “Hakika wewe u Mwana wa Mungu,” wala hakuna aliyepewa jina jipya siku ile. Katika Yohana 1:49 Nathanaeli naye alitamka maneno kama hayo mapema zaidi. Kwa hiyo anayesema ungamo ndilo mwamba anapaswa kueleza kwa nini ungamo la siku hii, kinywani mwa mtu huyu, lilileta ahadi ambayo maungamo mengine hayakuileta.

Tafsiri ya tatu inasema mwamba ni Kristo mwenyewe. Wasabato wanaifundisha kwa uthabiti, na Waprotestanti wengi wengine wanaifuata. Aya yao kubwa ni 1 Wakorintho 10:4, “na mwamba ule ulikuwa ni Kristo,” pamoja na zaburi na manabii wanaomwita Mungu mwamba wa wokovu. Swali lao gumu ni la picha yenyewe: msemaji anasema “nitalijenga”, yaani yeye ni mjenzi, na msikilizaji atashangaa jinsi mjenzi alivyojigeuza kuwa mwamba katikati ya sentensi bila kutoa ishara yoyote.

Tafsiri ya nne husikika zaidi katika mahubiri ya Kipentekoste: mwamba ni ufunuo, kwa sababu aya ya 17 inasema “mwili na damu havikukufunulia hili, bali Baba yangu aliye mbinguni.” Kanisa, kwa maelezo haya, hujengwa juu ya kile ambacho Mungu anamfunulia mtu moja kwa moja. Ina uzito wa kiroho, na inaikumbusha mikutano yetu yenye ratiba ndefu kwamba imani haitokani na ratiba. Lakini kisarufi neno “huu” liko mbali na neno “havikukufunulia”, na kati yake limekaa jina la Petro.

Kuna pia tafsiri ya Filipo Melanchthon, mwenzake Martin Luther katika matengenezo ya Kanisa, ambayo Walutheri wenyewe wengi hawaijui. Katika andiko lake la mwaka 1537 juu ya mamlaka ya Papa, andiko lililoingizwa baadaye katika maungamo rasmi ya Kilutheri, anasema Kanisa halikujengwa juu ya mamlaka ya mwanadamu, limejengwa juu ya huduma ya kulihubiri ungamo lile alilolitamka Petro. Kwa hiyo mwamba kwake si Petro kama mtu binafsi, na pia si wazo lililo hewani. Ni kazi ya kutangaza inayofanywa na watu wanaosimama mahali fulani na kusema. KKKT ni kanisa la maungamo hayo, na Mlutheri akilijua hili huzungumza na Mkatoliki kwa utulivu mkubwa zaidi.

Hatua ya nne: suala la Kigiriki na Kiaramu, kwa ufupi

Lazima atatokea mtu wa kusema kwamba kwa Kigiriki “Petros” ni kijiwe na “petra” ni mwamba mkubwa, kwa hiyo Yesu alikuwa akitofautisha. Mwingine atajibu kwamba Yesu alizungumza Kiaramu, ambamo jina ni Kefa pande zote mbili, na Paulo mwenyewe humwita Petro kwa jina hilo katika Wagalatia 1 na 2 na katika 1 Wakorintho 15:5. Yohana 1:42 nayo inathibitisha kwamba Kefa ndilo jina alilopewa.

Waachie pande zote mbili haki yao. Tofauti ya kijiwe na mwamba ilikuwapo katika mashairi ya kale ya Kigiriki, lakini katika Kigiriki cha siku za Agano Jipya haikuwa na nguvu hiyo, na jina la mwanamume lisingeweza kuchukua umbo la kike “petra”. Hata hivyo andiko tulilonalo ni la Kigiriki, na ni kweli kwamba Mathayo anatoka “wewe” kwenda “huu”. Sarufi inaielemea tafsiri ya kwanza kidogo, bila kuzifunga nyingine. Usitumie zaidi ya dakika kumi hapa. Hoja hii huwapendeza wanaoijua nusu. Funga kikao cha kwanza kwa sala.

Hatua ya tano: linganisha aya nyingine za msingi, ukiuliza mjenzi ni nani

Anza kikao cha pili kwa karatasi yenye aya tano: Mathayo 16:18, 1 Wakorintho 3:10 na 11, Waefeso 2:20, 1 Petro 2:4 hadi 8, na Ufunuo 21:14. Wengi hutumia 1 Wakorintho 3:11 kuimaliza Mathayo: “Maana msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka, isipokuwa ni ule uliokwisha kuwekwa, yaani, Yesu Kristo.” Inasomwa kwa sauti kubwa, na msomaji anakaa chini kama aliyeshinda kesi. Kisha mtu mwingine anasoma Waefeso 2:20, “Mmejengwa juu ya msingi wa mitume na manabii, naye Kristo Yesu mwenyewe ni jiwe kuu la pembeni,” na chumba kinanyamaza.

Katika kikao kimoja, fundi mmoja wa ujenzi kutoka Nkuhungu aliomba kalamu akachora nyumba kwenye ukingo wa kilima, mahali ambapo majabali ya Dodoma hutokeza juu ya ardhi. Akaonyesha chini kabisa: “Mwamba huu sikuuweka mimi, nimeukuta.” Akapandisha kalamu: “Msingi huu nimeujenga mimi juu yake.” Kisha akaichora kona na mstari mrefu kutoka hapo: “Na hili la pembeni ndilo ninalopigia kamba, likipinda hili nyumba nzima imepinda.” Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa upande wa pili wa meza alimwomba airudie, akanakili mchoro ule nyuma ya karatasi yake ya aya.

Tumia mchoro wa namna hiyo. Kwa Mathayo, mjenzi ni Yesu na anataja mwamba. Kwa Wakorintho, mjenzi ni Paulo, “mkuu wa wajenzi mwenye hekima”, na msingi ni Kristo. Kwa Waefeso, msingi ni mitume na manabii, naye Kristo ni jiwe la pembeni. Kwa 1 Petro, Kristo ni jiwe lililo hai na waamini wote ni mawe, na hapo ni Petro mwenyewe anayeandika, bila kujitaja kama mwamba. Kwa Ufunuo, misingi ya ukuta ni kumi na miwili na ina majina ya mitume kumi na wawili. Kila mwandishi amechora nyumba yake kwa ajili ya tatizo lake, na kuchukua jiwe la nyumba hii ukalipachika katika nyumba ile ni kumlazimisha mwandishi aseme asichokisema. Mkatoliki anayesema Petro ni mwamba hakatai kwamba Kristo ni msingi. Mprotestanti anayesema Kristo ni msingi hajathibitisha bado kwamba Petro si mwamba katika Mathayo.

Hatua ya sita: wasikilize Mababa wa Kanisa bila kuwachagua

Kila upande una orodha yake ya nukuu, na orodha hizo hutumwa kwenye makundi ya simu zikiwa zimekatwa. Kazi yako ni kuwaonyesha washiriki kwamba Mababa hawakugawanyika kama sisi tulivyogawanyika, na kwamba mtu mmoja aliweza kusema mambo mawili.

Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliandika kwamba kila mfuasi wa Kristo anayeungama kama Petro anakuwa mwamba. Sipriani, askofu wa Karthago aliyeuawa mwaka 258, aliitumia aya hii kueleza umoja wa Kanisa na mamlaka ya maaskofu wote; sura ya nne ya kitabu chake juu ya umoja ipo katika matoleo mawili, moja likikitaja kiti cha Petro kwa mkazo zaidi ya jingine, na wataalamu wengi huona yote mawili yametoka mkononi mwake. Sipriani huyo huyo aligombana na Stefano, Askofu wa Roma, juu ya ubatizo wa waliobatizwa na wazushi, na barua ya Firmiliano wa Kapadokia kutoka ugomvi ule inamlalamikia Stefano kwa kujivunia kwamba anakikalia kiti cha Petro kwa urithi. Katikati ya karne ya 3, basi, hoja ya urithi ilikuwa tayari mezani, na pingamizi dhidi yake pia.

Yohane Krisostomo, katika hotuba yake ya 54 juu ya Mathayo, anaeleza “juu ya mwamba huu” kuwa ni juu ya imani ya ungamo lake. Waprotestanti hupenda kuishia hapo, ingawa mahali pengine humwita Petro kiongozi wa mitume. Leo Mkuu, Askofu wa Roma kuanzia 440 hadi 461, alifundisha kwamba Petro anaendelea kuliongoza Kanisa kupitia waandamizi wake.

Lakini mtu wa kukaa naye kwa muda ni Augustino wa Hippo. Karibu na mwisho wa maisha yake, mnamo mwaka 427, aliyapitia maandishi yake yote na kuyasahihisha. Alipofika aya hii alieleza kwamba hapo awali aliandika kuwa Kanisa limejengwa juu ya Petro kama juu ya mwamba, tafsiri iliyoimbwa pia katika wimbo wa Ambrosi, na kwamba baadaye mara nyingi aliifafanua kuwa ni juu ya yule ambaye Petro alimkiri, yaani Kristo. Kisha hakuifuta ya kwanza. Alisema msomaji achague kati ya hizo mbili ipi iliyo karibu zaidi na ukweli. Na huyu ni mtu aliyebaki katika ushirika na Roma maisha yake yote ya uaskofu. Waachie washiriki muda wa kulitafakari jambo hilo kabla hujaendelea, kwa kawaida Mkatoliki na Mprotestanti wote wawili huanza kusema, “Kumbe.”

Kama kuna mshiriki anayependa hesabu, mwambie kwamba wakati wa Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, Askofu Mkuu Peter Richard Kenrick wa St. Louis, Marekani, aliandaa hotuba ambayo hakupata nafasi ya kuitoa, akaichapisha. Humo alitaja Mababa 17 wanaomwona Petro kuwa mwamba, 44 wanaoiona imani, 16 wanaomwona Kristo, na 8 wanaowaona mitume wote. Hesabu hiyo isichukuliwe kama kura za uchaguzi, kwa sababu Baba mmoja, kama Augustino, anaweza kuhesabiwa pande mbili. Inafaa kwa jambo moja tu: kuonyesha kwamba hakuna upande unaoweza kusema “Mababa wote”.

Hatua ya saba: funguo na urithi

Sasa, na si kabla, fungua swali la pili na la tatu. Someni aya ya 19 pamoja na Isaya 22:15 hadi 25, ambapo Shebna anaondolewa katika usimamizi wa nyumba ya mfalme na Eliakimu anawekewa begani ufunguo wa nyumba ya Daudi. Wakatoliki huona hapa hoja yao yenye nguvu zaidi: ufunguo ni wa ofisi, na ofisi ina mrithi. Wengine hujibu kwamba katika Ufunuo 3:7 ufunguo wa Daudi uko mkononi mwa Kristo, na kwamba mwisho wa sura ile ile ya Isaya kigingi kilichokazwa kinalegea. Mwache kila mmoja aseme.

Msimamo wa Kikatoliki uelezwe kwa hati zake. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, tarehe 18 Julai 1870, ulitangaza kuwa mafundisho ya imani kwamba Petro alipewa ukuu wa kweli wa mamlaka na kwamba Askofu wa Roma ndiye mrithi wake katika ukuu huo. Mtaguso wa Pili, katika hati ya mwaka 1964 juu ya Kanisa, ulirudia hilo na kuongeza kwamba uwezo wa kufunga na kufungua ulitolewa pia kwa kundi la mitume likiwa limeungana na kichwa chake. Waorthodoksi wanakubali urithi wa mitume, lakini wanasema kila askofu anayefundisha imani ya Petro anakaa katika kiti cha Petro, na Roma ilikuwa ya kwanza kwa heshima bila kuwa na utawala juu ya wengine. Waanglikana wana maaskofu na wanathamini mfululizo wao, huku wakikataa mamlaka ya Roma juu yao; hapa Dodoma, ambako Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927 kwa malezi ya kiinjili, mkazo huwa zaidi kwenye mafundisho ya mitume kuliko kwenye mfululizo wa mikono. Wapentekoste na Wasabato kwa ujumla husema kinachorithiwa ni ujumbe.

Ukifika hapa usijaribu kuwapatanisha, kwa maana tofauti hii ni ya kweli, na kuifunika kwa maneno matamu ni kuwakosea adabu wote. Papa Yohane Paulo II mwenyewe, katika waraka wake wa Mei 1995 juu ya umoja wa Wakristo, aliwaomba viongozi na wanateolojia wa makanisa mengine wazungumze naye jinsi huduma yake inavyoweza kutekelezwa kwa namna ambayo wao pia wataitambua. Kama yeye aliliona swali hilo linastahili mazungumzo, kikundi cha saa ya chakula cha mchana kisione haya kuliacha wazi.

Mambo ya kuangalia joto linapopanda

Mkatoliki anaposema “Baba Mtakatifu”, asikatishwe. Na Mprotestanti anaposema “Papa” kwa adabu, asidhaniwe anatukana. Neno “dini” lisitumike kwa maana ya dhehebu, maana wote waliokaa pale ni wa dini moja. Swali la “kwa hiyo kanisa langu ni la uongo?” likijitokeza, mrudishe muulizaji kwenye karatasi ya ukutani amtajie mwenzake anajibu swali la ngapi. Mtu akianza kutaja makosa ya mapapa au kashfa za wachungaji, mkumbushe kwa upole kwamba aya ya 23 ilishatuonya, na kwamba somo la leo halihusu tabia.

Kwa wanandoa wa makanisa mawili, nashauri wasikae upande mmoja wa meza wala wasipewe kuelezana tafsiri zao mbele ya watu. Wape kila mmoja tafsiri ya tatu au ya nne. Mabishano yao ya nyumbani wanayajua vya kutosha.

Mwisho wa kikao cha pili, mteue mwandishi aandike katika daftari la kikundi mambo mawili tu: yale ambayo wote wamekubaliana kwamba kifungu kinasema, na yale ambayo wanatofautiana, kila tofauti ikiwa imewekwa chini ya swali lake. Baba Paroko na Mchungaji wayasome, na wasahihishe palipoandikwa vibaya juu ya makanisa yao. Kikundi kikitaka kuendelea, somo linalofuata liwe Yohana 21:15 hadi 17 pamoja na Luka 22:31 na 32, kwa sababu huko ndiko swali la pili, la kazi aliyopewa Petro, linakopata maelezo ambayo Mathayo hakuyatoa.